Utepe wa Mkono wa Kulia

Kaka yangu alirudi kutoka kizuizini, alikowekwa na serikali ya kikoloni, na mkono wa kulia usiofunga. Vidole vitatu vya katikati vilikuwa vimevunjika na kuunga vibaya, vikabaki vimepinda nusu, kama vya mtu aliyeshika kikombe kisichoonekana. Hakusema vilivunjwaje. Nyumbani hatukuuliza. Miaka hiyo karibu kila boma la Tetu lilikuwa na mtu wa namna hiyo, na kila boma lilikuwa limejifunza kunyamaza.

Alikuwa amejitungia namna ya kusalimu watu. Alikupa mkono wa kulia, papo hapo akaufunika kwa wa kushoto na kuinama kidogo, nawe hukupata nafasi ya kuhisi kwamba vidole havikukubana. Wazee walimsifu kwa hilo. Walisema wengine wamerudi na hasira, huyu amerudi na adabu.

Hakukaa nasi nyumbani Wamagana mwanzoni. Alishuka Kutus kwa dada yetu mkubwa, aliyeolewa huko, akawa anamsaidia shemeji kupeleka unga madukani kwa baiskeli. Kutus ni chini, barabara zake hazina vilima kama vyetu, na jua lake ni kali. Huko ndiko alikojifunza upya kuendesha baiskeli, kwa mkono ule ule. Uhuru ulipopatikana na miguu ya mama ikaanza kuvimba, alirudi nyumbani na baiskeli nyeusi aliyoipata kwa kazi hiyo.

Kazi za kwetu zilitaka mikono miwili. Siku za kwanza nilimwona akijaribu kulima. Jembe lilimgeukia hewani, likaangukia ubapa, akaliokota na kujaribu tena, kisha akaliegemeza ukutani na kwenda kukaa na mama. Kuchuma kahawa aliweza, lakini polepole, na wanawake walimpita. Juu ya baiskeli mambo yalikuwa mengine. Aliyemwona akipita barabarani hakuweza kumtofautisha na mwanamume mwingine yeyote, na yeye alilijua hilo.

Kwa hiyo chama cha ushirika cha kahawa kilipotafuta tarishi mwenye baiskeli yake, alikwenda. Kazi ilikuwa kupeleka barua za kiwanda cha chama kwenye ofisi za Nyeri mjini, kurudi na majibu, na kuwafikishia wanakamati matangazo ya mikutano huko kwenye miinuko yao. Mwenyekiti alisema atamjaribu hadi baridi iishe. Alisema pia, mbele ya watu waliokuwa uani, "Mimi nataka mtu kamili. Sitaki mtu wa kuhurumiwa, hao tumewaandika wametosha." Kaka yangu alimpa salamu yake ya mikono miwili na kushukuru.

Mwenyekiti hakuwahi kuwa kizuizini. Siongezi neno hapo, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeongeza.

Shida ilikuwa njia yenyewe. Kutoka kwetu kwenda mjini kuna mteremko mrefu wa maramu, barabara ya udongo na changarawe, unaoshuka hadi mtoni, kisha mpando wa upande wa pili. Vipini vya raba vya baiskeli yake vilikuwa vyembamba na vimeng'arishwa na matumizi. Mkono wa kushoto ulikuwa na breki ya nyuma na ulifanya kazi yake. Wa kulia ulishika hewa. Akipanda, ulirudi nyuma. Akishuka, ulisukumwa mbele na uzito wa mwili, na mvua ikinyesha hakukuwa na kitu cha kuuzuia. Wiki ya kwanza alirudi na goti limechubuka. Akaniambia, "Mwana wa mama, wewe unajua nguo. Twende mjini unichagulie utepe."

Mimi nilikuwa nashona kwa cherehani barazani mwa duka pale Wamagana. Nguo nilizijua, usukani sikuujua.

Tulikwenda mjini, mtaa wa Majengo, kwa fundi wa baiskeli, Mwislamu wa makamo, aliyetandaza vifaa vyake juu ya gunia mbele ya nyumba. Kamba moja ilibeba tepe za kila aina. Niliinua mwekundu, mwembamba, wa kung'aa.

"Ndugu yako anashindana wapi?" aliuliza. "Huo ni wa baiskeli za mashindano."

"Anashindana na mteremko wa kwetu."

"Basi hashindi. Rudisha."

Niliuvuta mwekundu hata hivyo. Haukuvutika hata kidogo, na nilipoulowesha kwa ulimi ulitoa rangi. Mweusi wa mafundi wa umeme ulinata vizuri, lakini nilijua ungelainika na kuchafua kila barua. Plasta ya hospitali ilikuwa nyeupe, imara, na upana wake ulifaa. Fundi akasema ikilowa mara tatu inaachia gundi yote na kubaki kitambaa kitupu. Mwisho, chini ya kamba, palikuwa na bunda la utepe mnene wa pamba, rangi ya udongo, uliofumwa kwa mistari ya mishazari kama mifupa ya samaki. Niliupitisha kati ya vidole. Ulikuwa na ukwaru, lakini haukuchoma, na ulivutika kidogo tu kabla ya kukataa.

"Huo ni wa matandiko ya farasi," fundi alisema. "Mzungu mmoja aliuza shamba akaondoka, vitu vyake vikaja sokoni kwa magunia. Farasi hawapo, utepe upo."

"Tunachukua huu."

"Ngoja kwanza." Alimgeukia kaka yangu, aliyekuwa amesimama kando, mkono ndani ya mfuko wa koti. "Bwana, toa huo mkono. Nafunga usukani wa mtu, sifungi wa mfuko."

Kaka yangu aliniangalia mimi, akautoa. Fundi aliutazama, akachukua uzi na kuupitisha ndani ya upinde wa vile vidole kupima nafasi. Hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba chini ya utepe pawekwe kamba ya katani, izungushwe hadi usukani unenepe na kujaza kiganja, na upande wa mbele pawe na tuta la kuzuia mkono usiteleze kupita. Kisha akamwonyesha pa kuanzia.

"Wengi wanaanza nyuma kabisa, kwenye ncha. Wewe anza mbele, umalizie kwenye ncha. Mkono ukisukumwa mbele, utapita juu ya kingo bila kuzifungua."

"Na nikipanda? Nikivuta nyuma?"

"Zitafunguka, utazifunga tena. Mpando utakuchosha, bwana, lakini mteremko utakuua. Funga kwa ajili ya mteremko."

Tulifunga jioni ile ile uani, mama akiwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Mimi nilishika bunda na kulikaza, kaka akazungusha kwa mkono wa kushoto, akikandamiza kila mzunguko kwa kidole gumba cha kulia, kidole pekee chenye nguvu katika mkono huo. Kila mzunguko ulilalia nusu ya ule uliotangulia. Alipolegeza nilimwambia, naye akafungua na kurudia bila kunung'unika. Kwenye ncha nilishona kwa sindano ya magunia, kwa uzi uliokunjwa mara mbili, kisha tukafunga upande wa kushoto vivyo hivyo, ili usukani usionekane wa ajabu.

Nta ilikuwa yake mwenyewe. Fundi hakuitaja. Kutus waendesha baiskeli wote walipaka nta ya nyuki kwenye vitambaa vya usukani, na yeye aliiamini nta kama wengine wanavyoamini dawa ya jino. Alipata kipande kwa mzee mmoja mwenye mizinga karibu na msitu. Aliisugua juu ya utepe, nami nikapitisha pasi yangu ya makaa kwa mbali hadi ikanywewa na pamba, utepe ukawa wa rangi ya asali iliyoiva.

"Sasa shika," aliniambia.

Nilishika. Ulikuwa bado una joto la pasi, na kiganja changu kiling'ang'ania.

Masika yote utepe ule ulimbeba. Maji yaliteleza juu yake na kuanguka. Aliondoka alfajiri na mfuko wa barua kifuani, ndani ya koti la mvua, akarudi mchana amejaa matope hadi kiunoni, bila kuanguka. Wachukuzi wa maziwa walianza kumsimamisha pale dukani. Mmoja aliubonyeza usukani kwa kidole, akacheka.

"Ati umefunga nini hapa? Unafanana na mguu wa mama mkwe."

"Mguu wa mama mkwe wako unashika hivi kwenye mvua?"

"Haushiki hata kiangazi!"

Kabla ya juma kuisha yule mchukuzi alikuja kuniuliza kama nilikuwa na utepe uliobaki. Kaka yangu alianza kupiga mluzi asubuhi akijaza upepo. Mwenyekiti alimpa kofia yenye nembo ya chama, naye akaivaa hata Jumapili.

Kisha Julai ikaingia. Asiyekaa upande wetu wa mlima hawezi kujua Julai. Jua haliji. Ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa juu ya mashamba hadi saa za chakula, majani ya kahawa yanadondosha maji bila mvua, na mtu akizungumza unaona pumzi yake. Kaka yangu alianza kurudi amekunja uso. Alisema usukani unateleza. Akasema nta imekwisha, imeliwa na masika. Kila Jumamosi akachukua kile kipande na kuongeza. Kutus ndivyo walivyofanya: usukani ukiteleza, ongeza nta. Pasi yangu ilipokuwa na kazi aliisugua nta hivyo hivyo ikiwa baridi, akakandamiza kwa kiganja. Ilipozidi kuteleza, aliongeza zaidi.

Sikuwapo alipoanguka. Nilichoandika hapa nilikipata kwa wanawake wawili waliokuwa wakipanda kutoka mtoni na mizigo ya majani ya ng'ombe, na nilimuuliza kila mmoja peke yake. Walisema alikuja kwa mwendo wa kawaida, ukungu mwingi, breki ya nyuma ikilia. Kwenye kona, pale maji yalipochimba barabara, gurudumu lilipiga jiwe. Mkono wake wa kulia uliruka mbele umenyooka, kama mtu anayeonyesha kitu. Usukani ukageuka. Alipita juu yake na kuangukia bega, na mfuko wa barua ukabingirika hadi kwenye mfereji. Wote wawili walisema hakupiga kelele. Mmoja alisema alianza kutafuta barua kabla ya kugundua kwamba hawezi kusimama.

Gari la kwanza kupita lilikuwa la mwenyekiti.

Nilipofika zahanati alikuwa amekaa kwenye benchi, shati limekatwa, rangi ya uso imemtoka. Mtulinga wa kulia, ule mfupa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Ulionekana chini ya ngozi. Mwenyekiti alisimama mlangoni na zile barua mkononi, zikidondosha maji. Mganga, kijana aliyekuwa bado mgeni kwetu, alipapasa bega, akashuka kwenye kiwiko, kifundo, kisha akajaribu kunyoosha vidole. Havikunyooka. Akajaribu kuvifunga. Havikufunga.

"Hivi si vya leo," alisema. "Vidole hivi vilivunjika zamani sana. Wewe umekuwa ukishikaje usukani?"

Mwenyekiti alisogea, akautazama ule mkono, sasa umelala juu ya goti bila kitu cha kuufunika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniandika?"

"Nimeandika watu wengi mimi."

"Mwenye mkono kama huu?"

Mwenyekiti alizitazama barua, akazipangusa kwa kiganja ingawa haikusaidia kitu. "Pona kwanza," alisema, akatoka. Juma lililofuata tulisikia kwamba kijana wa upande wa pili wa kijito amepewa kazi.

Mbaya zaidi kwa kaka yangu haikuwa kazi, au haikuwa kazi peke yake. Alikaa jikoni karibu na moto, mkono umefungwa kifuani kwa shuka, akiutazama. Siku moja aliniambia, "Niliuamini. Nilidhani tumeelewana nao." Mama alimwambia anyamaze, mkono hauna masikio. Lakini aliacha kula vizuri, na jirani alipokuja kumjulia hali, kaka yangu alimpa salamu ya mkono wa kushoto, akiwa amegeuza uso.

Nilitumwa Kutus kumpa dada yetu habari. Nilipanda basi la asubuhi nikiwa nimevaa sweta mbili, na nilipofika nilizibeba mkononi. Jua lilikuwa kali, mbwa wamelala kwenye vivuli vya maduka. Baiskeli ya shemeji iliegemezwa ukutani nje ya nyumba. Nikiwa nangoja mlango ufunguliwe niliweka mkono juu ya usukani wake, ili nipate pa kuegemea tu, na nilipotaka kuuondoa ulikataa. Nta ilikuwa laini. Ilinata kama ulimbo wa kutegea ndege. Niliuondoa mkono, nikauweka tena.

"Hiyo itakuharibia nguo, shemeji," alisema shemeji akitoka. "Kwenye jua hivi inashika hata nzi."

"Na asubuhi, kukiwa na baridi?"

Alicheka. "Baridi gani?"

Nilikaa siku moja, nikarudi. Baiskeli ya kaka yangu ilikuwa nyuma ya ghala tangu siku ile, gurudumu la mbele limepinda. Asubuhi yenye ukungu nilikwenda kuushika usukani wake. Ulikuwa mgumu na wa kuteleza kama kipande cha sabuni kilichotumika. Nilichukua wembe wangu wa kukatia nyuzi nikakata kipande, nikaona nta imekaa juu ya utepe tabaka juu ya tabaka, na ule ukwaru wa pamba niliouchagua umezikwa chini kabisa, hauwezi kugusa mkono wa mtu. Nilimpelekea kile kipande jikoni. Nikamweleza usukani wa shemeji, jua la Kutus, na jinsi huku kwetu kwenye baridi kila alipoongeza nta aliuongezea usukani utelezi.

Alikigeuza kwa kidole gumba mara nyingi. Akakisogeza karibu na moto, kikalainika, akakibonyeza, kikanata. Akakitoa mlangoni kwenye ukungu, akangoja, akakibonyeza tena.

"Kwa hivyo si mkono," alisema.

"Si mkono."

"Ni nta."

"Ni nta na Julai."

Alisimama, akaomba koti, akashuka kiwandani mkono ukiwa bado kifuani. Nilimfuata kwa sababu miguu yake haikuwa imara. Mwenyekiti alikuwa uani na karani. Kaka yangu alimweleza yote kwa utaratibu, akimwonyesha kile kipande, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona akiutaja mkono wake mbele ya mtu wa nje. Alisema utepe bila nta ungemshika, na angependa kujaribiwa tena, kwa maana baridi haijaisha na makubaliano yalikuwa hadi baridi iishe.

Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho. Lazima niseme hivyo.

"Nta ama mkono," alisema, "barua zangu zililala mferejini. Nimeshampa mwenzako. Nitamwambia nini huyo, ati ameachishwa kwa ajili ya nyuki?" Karani alicheka, akaacha alipoona hakuna mwingine anayecheka. "Kuna kazi ya kuchambua buni kwenye vitanda. Ukitaka, njoo bega likipona."

Kuchambua buni ilikuwa kazi ya wanawake. Unasimama kando ya vitanda vya kuanikia, unaokota punje za kahawa zilizooza na zilizovunjika, siku nzima. Mkono mmoja unatosha.

Kaka yangu alikirudisha kile kipande mfukoni, tukarudi nyumbani. Bega lilipoanza kupona alimwomba yule mchukuzi wa maziwa anyooshe gurudumu, naye aliligonga juu ya jiwe akiimba. Tulivua utepe wote. Bunda la utepe wa matandiko lilikuwa na kipande kilichobaki, kinatosha upande mmoja, nacho tukakifunga kulia juu ya katani ile ile, kuanzia mbele kumalizia kwenye ncha, kikavu. Kushoto alirudisha raba. Hakujali tena kama usukani utaonekana wa ajabu.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Alitoka na baiskeli bila mfuko. Nilitembea nyuma yake hadi juu ya mteremko, nikasimama. Alipanda, akaachia. Nilimwona kwa muda mfupi, mgongo tu na kofia, kisha ukungu ukamchukua, nikabaki na sauti ya breki. Ilishuka, ikafika kwenye kona, ikaendelea kushuka. Kisha ikanyamaza, nami sikujua kama amefika chini au vipi. Nilingoja. Alirudi akisukuma, anahema, matone ya ukungu yamejaa kwenye nyusi.

"Umeshika," alisema.

Hakukuwa na mtu mwingine barabarani. Hata wale wanawake wa majani hawakuwa wametoka bado. Tulirudi nyumbani, akaiegemeza baiskeli ghalani, akanywa uji akiwa amesimama. Kisha alikwenda kwa miguu hadi kiwandani. Wanawake kwenye kitanda cha kwanza waliacha kuzungumza alipofika. Mmoja akauliza kwa sauti ni mume wa nani aliyepotea njia, wakacheka, na mwingine, mzee, akasogea kidogo kumpa nafasi. Akaanza kuokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka juu ya ukingo wa kitanda, mahali ambapo kila mtu aliuona.